Kupunguza na Kubadilisha: Historia ya Udogo wa Faili za PDF, 1991–2015

Ukurasa mmoja wa karatasi ya A4, ukitambazwa kwa rangi kwa kipimo cha pikseli 300 kwa inchi, hutoa picha yenye pikseli 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Hizo ni takriban pikseli milioni 8.7, na kwa kuwa kila pikseli ya rangi huchukua baiti tatu, ukurasa huo peke yake huhitaji megabaiti 26. Tasnifu ya kurasa 300 ingefikia karibu gigabaiti nane. Hata hivyo, msomaji anayepakua tasnifu ya aina hiyo kutoka katika hazina ya chuo kikuu hupokea faili ya megabaiti chache, au makumi machache, naye huisoma bila kushuku kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoonwa na skana haimo tena. Makala haya yanachunguza jinsi ilivyowezekana kuiondoa sehemu hiyo, ni nani aliyeamua iondolewe, na ni wakati gani uamuzi huo ulitoka mikononi mwa binadamu ukaingia katika mipangilio ya programu na mashine.

Wataalamu wa kompyuta hugawa mbinu za kubana data katika makundi mawili: zisizopoteza chochote na zenye kupoteza. Mgawanyo huo ni sahihi kihisabati, lakini haumtoshelezi mtafiti anayetumia waraka kama ushahidi. Kwake yeye, swali lenye uzito ni kama hasara inajionyesha au inajificha. Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza kutofautisha kati ya kupunguza na kubadilisha. Mbinu inayopunguza huacha ukungu, kingo zilizochakaa au rangi zilizofifia, na msomaji akiona hayo hutahadhari. Mbinu inayobadilisha huweka kitu kingine mahali pa kile kilichoondolewa, na kilichowekwa huwa kizima, safi na chenye kusomeka. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba madhara makubwa katika historia ya udogo wa PDF hayakutokana na kupunguza. Yalitokana na kubadilisha, na yalijitokeza mara mbili: kwanza katika fonti, kisha katika picha za kurasa.

Kutoka PostScript hadi PDF

John Warnock na Charles Geschke walianzisha kampuni ya Adobe mwaka 1982, na mwaka 1984 wakatoa PostScript, lugha ya kuielekeza printa namna ya kuchora ukurasa. PostScript ilikuwa lugha kamili ya programu. Mchoraji aliyetaka mistari elfu moja hakulazimika kuiandika yote; aliandika amri moja ya kurudia, na printa ikafanya hesabu. Ufupi huo ulikuwa na gharama yake, kwa maana haikuwezekana kujua ukurasa wa mia ukoje bila kuendesha programu nzima tangu mwanzo, na kila printa ilibeba mzigo wa kuikokotoa.

Mwaka 1991 Warnock aliandika waraka mfupi wa ndani uliopewa jina la mradi wa Camelot. Alichotaka ni nyaraka ziweze kutumwa kutoka kompyuta yoyote hadi nyingine na kuonekana vilevile, kwenye skrini au karatasi. Njia aliyoipendekeza ilikuwa kuyachukua matokeo ya programu ya PostScript badala ya programu yenyewe. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa PDF, iliyotolewa Juni 1993 pamoja na programu za Acrobat. Hapa kuna jambo ambalo simulizi nyingi za PDF hulipita haraka. Kwa kuondoa amri za kurudia na za masharti, PDF iliurefusha ukurasa: mistari elfu moja sasa iliandikwa mmoja mmoja. Umbo lililoundwa ili lisafiri kwa urahisi lilizaliwa likiwa na maneno mengi kuliko mzazi wake, na ndiyo maana ubanaji haukuwa nyongeza ya baadaye. Ulikuwamo tangu toleo la kwanza, kwa kuwa bila huo wazo zima lisingefaa kitu.

Mazingira ya wakati huo yalikuwa magumu. Diski laini ya kawaida ilibeba megabaiti 1.44. Modemu ya biti 14,400 kwa sekunde, iliyohesabiwa kuwa ya kasi, ilihitaji zaidi ya dakika tisa kupitisha megabaiti moja, endapo laini ya simu haikukatika. Zaidi ya hayo, mifumo mingi ya barua pepe ilipitisha herufi za biti saba tu, hivyo PDF ya mwanzo iliandikwa kwa herufi hizo. Data zilizokwisha kubanwa zilisimbwa upya kwa njia iliyogeuza kila baiti nne kuwa herufi tano. Robo nzima iliongezwa juu ya kile kilichokuwa kimepunguzwa kwa taabu.

Fonti zisizokuwamo

Katika waraka wa maandishi matupu, mzigo mkubwa kwa kawaida si maneno bali fonti. Waundaji wa PDF waliukabili mzigo huo kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuweka ndani ya faili zile herufi zilizotumika tu. Waraka unaotumia herufi arobaini za fonti yenye herufi mia mbili na zaidi haubebi zilizobaki. Njia hii inapunguza bila kudhuru, ila atakayetaka kuuhariri waraka baadaye ataikosa herufi ambayo mwandishi hakuitumia. Kiswahili chenyewe kinatoa mfano, kwani waraka wa Kiswahili sanifu usio na majina ya kigeni hauna haja ya kubeba Q wala X.

Njia ya pili ilikuwa kutoiweka fonti kabisa. Fonti 14 zilidhaniwa kuwapo katika kila programu ya kusomea, na kwa fonti nyingine Acrobat ilikuwa na fonti mbili za akiba zilizoweza kunyooshwa au kubanwa hadi zilingane kwa upana na ile iliyokosekana. Ulikuwa ubunifu wa hali ya juu. Mistari ilikatika palepale ilipokatika kwa mwandishi, kurasa zikabaki na idadi ileile, na faili ikawa ndogo kwa makumi ya kilobaiti kwa kila fonti iliyoachwa. Kwa maandishi ya kawaida ya lugha zinazotumia herufi za Kilatini, hasara ilikuwa ya sura tu.

Tatizo lilikuwa kwa lugha na taaluma zilizohitaji alama za ziada. Kabla ya Unicode kuenea, fonti nyingi za kifonetiki zilikalisha alama zake katika nafasi zilizotengewa herufi za kawaida. Alama ya /ŋ/ iliweza kushika nafasi ya herufi nyingine kabisa, na kilichoifanya ionekane /ŋ/ ni fonti yenyewe. Faili ikihifadhiwa bila fonti hiyo, programu ya kusomea huweka fonti nyingine, nayo huchora ile herufi ya kawaida. Msomaji haoni pengo wala alama ya kuuliza, bali herufi iliyochorwa vizuri ambayo siyo. Mtafiti wa fonolojia ya lugha za Kibantu anayefungua kazi ya miaka ya 1990 na kukuta mfumo wa sauti usioeleweka hana budi kujiuliza kwanza kama kosa ni la mwandishi au ni la fonti iliyoachwa nje ili kuokoa nafasi. Huu ndio mfano wa kwanza wa kubadilisha, na viwango vya PDF/A vilivyochapishwa mwaka 2005 kwa ajili ya nyaraka za kudumu viliukomesha kwa kulazimisha kila fonti inayoonekana iwekwe ndani ya faili. Faili zilizoundwa katika miaka kumi na miwili ya kabla yake zilibaki kama zilivyo.

Hataza ya LZW

Kwa maandishi na michoro ya mistari, PDF ya mwanzo ilitumia mbinu ya LZW. Abraham Lempel na Jacob Ziv walichapisha kazi zao mwaka 1977 na 1978 wakionyesha kwamba mfuatano wa data uliokwisha kutokea unaweza kutajwa kwa rejeo badala ya kuandikwa tena. Terry Welch akaiboresha mbinu yao ya pili mwaka 1984. Mbinu hii haipotezi hata biti moja. Tatizo lake lilikuwa la kisheria: hataza ya Welch iliyotolewa Marekani mwaka 1985 iliishia mikononi mwa kampuni ya Unisys, na mwishoni mwa 1994 watengenezaji wa programu zilizotumia picha za GIF walifahamishwa kwamba wangepaswa kulipia leseni.

Adobe ilikuwa na leseni yake. Lakini umbo lililokusudiwa kuandikwa na kusomwa na programu za kila mtu halikuweza kusimama juu ya mbinu inayolipiwa. Mwaka 1996, katika toleo la 1.2, PDF iliongezewa mbinu ya Flate, iliyotokana na kazi ya Phil Katz, ikiunganisha wazo la Lempel na Ziv la mwaka 1977 na usimbaji wa David Huffman wa mwaka 1952. Flate haikuwa na ada, na kwa kawaida ilibana vizuri zaidi. Hataza ya LZW ilikwisha muda wake Marekani mwaka 2003, ila kufikia hapo suala lilikuwa limeamuliwa na watumiaji. PDF/A ya mwaka 2005 iliikataza LZW moja kwa moja. Hatua nyingine ya ubanaji usiopoteza ilikuja na toleo la 1.5 la mwaka 2003, lililoruhusu hata orodha za ndani za faili, ambazo awali ziliandikwa wazi, zikusanywe na kubanwa pamoja. Katika nyaraka zenye viungo na alama nyingi, hatua hiyo peke yake ilipunguza ukubwa kwa kiasi cha kuonekana.

Jicho la binadamu kama kipimo

Picha za rangi hazibaniki vya kutosha kwa njia zisizopoteza. Hapa PDF iliazima kiwango cha JPEG cha mwaka 1992, ambacho moyo wake ni ugeuzaji wa kosini uliochapishwa na Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao mwaka 1974. Picha hukatwa katika miraba ya pikseli nane kwa nane, kila mraba huelezwa kama jumla ya mawimbi, na mawimbi ya haraka, ambayo jicho huyaona kwa shida, hupimwa kwa ukali mdogo au kuachwa. Mtu anayebana picha kupita kiasi huiona ile miraba ikijitokeza, na pembezoni mwa herufi na mistari ya grafu huona vivuli vinavyotetemeka. JPEG hupoteza mengi, lakini haidanganyi. Haiwezi kugeuza 6 kuwa 8. Kabla ya kufika huko, 6 itakuwa imeharibika kiasi cha kutosomeka.

Namna nyingine ya kupunguza ni kupunguza pikseli zenyewe. Ukurasa wetu wa pikseli milioni 8.7 ukishushwa kutoka pikseli 300 hadi 150 kwa inchi hubaki na milioni 2.2, yaani robo, kwa sababu upungufu unafanyika kwa upana na kwa urefu. Hii ndiyo njia yenye mavuno makubwa kuliko zote, na ndiyo iliyotumiwa zaidi na programu za usanifu.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, msanifu wa kurasa hakutengeneza PDF moja kwa moja. Alichapisha kazi yake katika faili ya PostScript, kisha akaifungua kwa Acrobat Distiller, ambako alikuta kurasa za maswali: picha zishushwe hadi pikseli ngapi, zibanwe kwa ubora gani, fonti ziwekwe au ziachwe. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini kila jibu lilikuwa lake. Mwaka 1999 Acrobat 4 ilikuja na mafungu matatu ya majibu yaliyotayarishwa: la skrini, la printa na la kiwanda cha uchapaji. Mwaka huohuo InDesign ilitolewa ikiwa na uwezo wa kuhamisha kazi kwenda PDF bila kupitia Distiller. Baadaye mafungu hayo yalipewa majina yanayotaja lengo badala ya njia. Fungu la faili ndogo kabisa katika InDesign hushusha hadi pikseli 100 kwa inchi picha za rangi zinazozidi 150, ilhali lile la uchapaji huzishusha hadi 300 zile zinazozidi 450. Ghostscript, programu iliyoanzishwa na L. Peter Deutsch mwaka 1988 na ambayo leo imo ndani ya huduma nyingi za kupunguza PDF, ina mafungu ya namna hiyo, la chini kabisa likiwa la pikseli 72.

Ni rahisi kuyalaumu mafungu haya, lakini yalikuwa na faida ya kweli. Msanifu asiyejua tofauti kati ya picha ya vivuli na picha ya rangi mbili aliokolewa na makosa mengi. Aidha, sababu nyingi za faili kuwa kubwa hazikuhusu picha hata kidogo. Illustrator, ambayo tangu toleo la 9 la mwaka 2000 huhifadhi kazi zake kwa msingi wa PDF, huweka ndani ya faili nakala ya pili ya kazi nzima katika umbo lake la uhariri iwapo chaguo la kudumisha uhariri halikuzimwa. Faili hiyo huweza kuwa kubwa mara kadhaa bila msomaji kuona tofauti. Picha iliyokatwa kwa fremu huendelea kubeba sehemu zilizofichwa hadi programu iambiwe izitupe. Tena, PDF iliundwa ili mabadiliko yaongezwe mwishoni mwa faili bila kuandika upya ya mwanzo, hivyo ukurasa uliofutwa na kuhifadhiwa kwa njia ya kawaida unaweza kubaki ndani, ukisubiri mtu anayejua kuutafuta. Katika hali hizi, kupunguza ni usafi, na mwandishi anayejali usiri wa watafitiwa wake ana sababu nyingine ya kuufanya, mbali na ukubwa.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa gharama. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza huduma Julai 2009, ikifika Mombasa na Dar es Salaam, mawasiliano ya eneo hili na dunia yalitegemea setilaiti kwa kiasi kikubwa, na kila megabaiti ilikuwa ghali na ya polepole. Faili ya megabaiti 40 ambayo chuo cha Ulaya kingeiweka mtandaoni bila kufikiri ilikuwa, kwa msomaji wa Dodoma au Eldoret, sawa na isiyokuwapo. Kwa hiyo shinikizo la kubana lilikuwa kubwa zaidi hapa, na shinikizo hilo lilisukuma watu kuelekea mbinu zinazobana kuliko zote. Mojawapo ya mbinu hizo ndiyo inayofuata.

Tarakimu zilizobadilika

Kwa kurasa za weusi na weupe tu, PDF ilirithi mbinu za faksi: Kundi la 3 la mwaka 1980 na Kundi la 4 la mwaka 1984. Mbinu hizi hueleza kila mstari wa pikseli kwa urefu wa vipande vyeusi na vyeupe, na Kundi la 4 huulinganisha mstari na ule ulioutangulia. Hazipotezi kitu. Ukurasa wetu ukiwa wa rangi mbili huchukua megabaiti 1.1 kabla ya kubanwa, na baada ya Kundi la 4 ukurasa wa maandishi ya kawaida hushuka hadi makumi ya kilobaiti.

Mwaka 2000 kiwango kipya, JBIG2, kilikamilishwa, na mwaka 2001 kikaingizwa katika PDF 1.4. JBIG2 inaweza kubana bila kupoteza, lakini nguvu yake kubwa iko kwingine. Programu hukata ukurasa katika vipande vya wino vilivyoungana, na mara nyingi kila kipande huwa ni herufi moja. Kisha huvilinganisha. Vikifanana vya kutosha, huhifadhi picha ya kimoja, na mahali pa vingine huandika rejeo tu: chora hapa kile kipande namba fulani. Ukurasa wenye herufi *a* mia tatu hubeba picha chache za *a*. Ni wazo lilelile la Lempel na Ziv, isipokuwa kwamba wao walidai mfuatano uwe uleule hasa, ilhali JBIG2 katika hali yake ya kupoteza hutosheka na kufanana. Nani anaamua kufanana kunatosha? Namba moja ndani ya programu.

Mwaka 2013 David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, aliitwa kuangalia mashine za Xerox za WorkCentre katika kampuni iliyotambaza ramani ya jengo. Katika ramani ya karatasi, vyumba vitatu viliandikwa maeneo ya mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Katika faili iliyotoka kwenye mashine, vyote vitatu viliandikwa 14.13. Herufi zilikuwa kali, zimepangika vizuri, hazina ukungu wowote. Kosa liligunduliwa kwa sababu chumba kilichochorwa kikubwa kilikuwa na namba ya chumba kidogo. Kriesel aliendelea na majaribio akakuta majedwali ambamo 6 ziligeuka 8. Alichapisha matokeo Agosti mwaka huo.

Mwitikio wa kwanza wa kampuni unafaa kutazamwa kwa makini, maana unaonyesha jinsi uamuzi ulivyokuwa umehama. Maelezo ya mashine yalikuwa na onyo kwamba katika kiwango cha kawaida cha ubora herufi zingeweza kubadilika. Hivyo, ilielezwa, mtumiaji aliyetaka usahihi angechagua kiwango cha juu. Kriesel akaonyesha kwamba kosa lilitokea hata katika viwango vya juu. Kampuni ilikiri kuwapo kwa hitilafu katika programu na kutoa marekebisho. Hoja ya onyo ilikuwa dhaifu hata kabla ya kukiri huko. Onyo husaidia pale ambapo msomaji anaweza kulitumia. Anayeipokea faili miaka mitano baadaye hakuiona skrini ya mashine, hajui kiwango gani kilichaguliwa, na ukurasa ulio mbele yake haumpi sababu ya kuuliza.

Upo utetezi mmoja wa JBIG2 unaostahili kujibiwa kwa haki: kwamba kosa lilikuwa la utekelezaji na si la kiwango, kwa kuwa programu yenye kizingiti kikali cha kufanana isingechanganya 6 na 8. Utetezi huo ni kweli kwa sehemu. Lakini kizingiti kikali hupunguza faida ya mbinu, na mtengenezaji anayeshindana kwa udogo wa faili huvutwa kukilegeza. Pia hakuna kizingiti kinachofaa kurasa zote. Nakala ya tatu ya hati iliyopigwa chapa, yenye wino uliovuja, ina 6 na 8 zinazokaribiana kuliko *a* mbili za ukurasa ulio safi. Mwaka 2015 BSI, ofisi ya shirikisho ya Ujerumani inayosimamia usalama wa habari, ilikataa usimbaji huo wa alama za JBIG2 katika mwongozo wake wa kutambaza nyaraka zinazokusudiwa kuchukua nafasi ya karatasi.

Kiwango cha PDF/A, kwa upande wake, kinauruhusu. Hakuna mgongano hapa. PDF/A kiliandikwa kulinda uwezo wa kuifungua faili baada ya miaka mingi: fonti ziwemo, isifungwe kwa nywila, isitegemee kitu cha nje. Hakikuandikwa kuthibitisha kwamba picha ya ukurasa ni ukurasa wenyewe. Hazina inayodai PDF/A kwa tasnifu zake imefanya jambo jema na muhimu, ila haijagusa suala hili.

Nukta na king'ong'o

Kwa matini za Kiswahili, suala hilo lina sura yake. JBIG2 hufanya kazi kwa vipande vya wino vilivyoungana, na programu nyingi za kutambaza huondoa kwanza vipande vidogo zikividhania kuwa vumbi. Katika herufi za Kilatini, vipande vidogo ni vichache: nukta ya *i*, nukta kuu, mkato, na ritifaa. Lakini ritifaa ndiyo inayotenganisha *ng'oa* na *ngoa*, kitendo cha kutoa mti na mizizi yake na hisia ya wivu au tamaa. Katika nakala hafifu ya makusanyo ya mashairi, kipande hicho cha pikseli chache kinaweza kuondoka bila kuacha pengo.

Katika hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hali ni nzito zaidi. Be, te na the zina mwili mmoja na hutofautishwa kwa idadi na mahali pa nukta. Waandishi wa pwani walitumia nukta tatu kupata *p*. Nukta hizo hazijaungana na mwili wa herufi. Kwa programu, kila moja ni kipande kinachojitegemea, cha kulinganishwa na nukta nyingine au cha kufutwa pamoja na madoa ya karatasi ya zamani. Hati za namna hii, zikigeuzwa kuwa za weusi na weupe ili zipungue, huingia katika hatari ileile ya ramani ya Ujerumani, na hazina chumba kikubwa chenye namba ndogo cha kumshtua msomaji.

Mtahini au mtafiti anaweza kujua mbinu iliyotumika, kwa kuwa kila picha ndani ya PDF hutanguliwa na jina la mbinu iliyoibana, na programu za uchunguzi hulionyesha. Akikuta JPEG, ataona hasara kwa macho. Akikuta mbinu ya Kundi la 4 au Flate, atajua kwamba ubanaji huo haukuongeza hasara, ingawa pikseli zingeweza kupunguzwa kabla yake. Akikuta JBIG2, jina hilo ni lilelile kwa ukurasa uliobanwa bila kupoteza na kwa ukurasa uliobadilishwa. Kinachobaki ni kulinganisha na asili. Kriesel aliweza kufanya hivyo kwa sababu ramani ya karatasi ilikuwa bado ipo ofisini.